Kidhibiti cha CNC Kinachojizima na Kujiwasha: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Chanzo

Mashine ya CNC, yaani inayochonga kwa kuongozwa na kompyuta, inachonga vizuri, ghafla skrini inakuwa nyeusi, kisha nembo ya kidhibiti inatokea kana kwamba mtu ameizima na kuiwasha. Hakuna alamu iliyobaki. Kipande kimeharibika, na pengine zana imevunjikia ndani yake. Baada ya dakika mbili kila kitu kinafanya kazi kama kawaida, na huenda ikapita siku tatu kabla ya kurudia.

Hapo ndipo wengi hukimbilia kuagiza bodi kuu. Nakuomba usiagize bado. Bodi ni miongoni mwa sehemu za bei kubwa kabatini, na mara nyingi haina kosa lolote. Kidhibiti ni kompyuta, na kompyuta ikinyimwa volti zake kwa milisekunde chache huanza upya. Kwa hiyo kazi yako ni kujua ni nini kilichokula zile volti, na kilikula wakati gani. Tatizo linaloonekana kuja bila mpangilio huwa na mpangilio wake, ila bado hujauona.

Kabla ya kufungua kabati

Chukua nakala ya parameta zote, programu ya PLC (inayoendesha swichi na vali za mashine), vipimo vya zana na vya kazi, na programu za kuchonga. Ihifadhi nje ya mashine. Kidhibiti kinachokatika umeme ovyo kinaweza kukatika katikati ya kuandika kumbukumbu, na parameta zikipotea utakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Kama kumbukumbu inategemea betri, angalia alamu ya betri sasa hivi. Betri za kumbukumbu na za enkoda (vipima-nafasi vya mota) kwa kawaida hubadilishwa mashine ikiwa imewashwa. Ukizitoa mashine ikiwa imezimwa unaweza kupoteza parameta au nafasi za mihimili, yaani njia ambazo mashine husogea. Soma kitabu cha mashine yako kabla ya kuzigusa.

Mhimili wa wima uwekee gogo au jeki chini yake. Kidhibiti kikizimika, breki ndiyo pekee inayoushikilia, na breki iliyochoka inaweza kuuachia ukuangukie mkono.

Mwisho, draivu za servo na za spindeli (vifaa vinavyolisha mota za mihimili na mota ya shafti inayozunguka) zina kapasita zinazobaki na umeme wa kuua hata swichi kuu ikiwa imezimwa. Kwenye mtandao wa volti 400, basi ya DC, yaani umeme wa DC ulio ndani ya draivu, hufika karibu volti 565. Subiri muda ulioandikwa kwenye kibandiko cha draivu, halafu pima mwenyewe kabla ya kuingiza mkono. Kipimo chochote ndani ya kabati lenye umeme ni kazi ya fundi umeme aliyefunzwa. Funga waya za mita mashine ikiwa imezimwa, ndipo uiwashe.

Hatua ya 1: Je, kweli kimewaka upya?

Opereta anaposema "imejizima", anaweza kuwa anaelezea mambo manne tofauti. Skrini peke yake inaweza kuwa imepoteza umeme huku kidhibiti kikiendelea. Kompyuta ya skrini inaweza kuwa imeanguka huku sehemu inayoendesha mihimili ikiwa hai. Mzunguko wa dharura, ule wa kitufe cha kusimamisha mashine, unaweza kuwa umekatika kwa sekunde moja. Au kidhibiti chote kimekosa umeme kweli.

Zitenganishe kwa kutazama taa ndogo za bodi na za draivu tukio linapotokea. Simu iliyotegeshwa kurekodi video mbele ya kioo cha kabati inatosha. Taa zote zikizimika pamoja, shuku chanzo cha umeme au mzigo unaokiangusha. Za kidhibiti pekee zikizimika huku za pawa saplai (kifaa kinachogeuza umeme wa AC kuwa volti 24 za DC) zikibaki, tafuta kati ya hizo mbili.

Kama mashine inatumia kompyuta ya Windows, fungua kumbukumbu ya matukio. Tukio namba 41 la Kernel-Power linasema tu kwamba mfumo uliwaka bila kuzimwa vizuri. Halisemi kwa nini. Zima kwanza ile hiari ya kujiwasha yenyewe baada ya kosa la mfumo, ili kama ni programu au draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa cha kompyuta) inayoangusha, skrini ya kosa ibaki uione. Kwa LinuxCNC, programu ya kuendesha CNC kwenye kompyuta ya Linux, amri `journalctl -b -1` huonyesha kumbukumbu ya uwashaji uliopita, mradi mfumo umewekwa kuzihifadhi kwenye diski. Kumbukumbu ikikatika ghafla katikati ya shughuli za kawaida, bila kosa lolote mwishoni, shuku umeme kwanza.

Kwenye mashine ndogo zinazotumia Grbl, programu ya CNC inayokaa kwenye chipu ndogo, dalili ni ule mstari wa salamu wa Grbl kutokea tena katikati ya kazi. Maana yake chipu imepokea riseti, yaani imeanzishwa upya. Bodi za aina ya Arduino Uno hupata riseti pia kila kompyuta inapofungua upya mlango wa USB, hivyo kebo mbovu ya USB au hali ya kuokoa nishati ya kompyuta vinaweza kuwa ndio chanzo chenyewe.

Hatua ya 2: Daftari

Bandika karatasi mashineni. Kila tukio liandikwe na opereta aliyekuwepo, hapo hapo: saa, mstari wa programu, nafasi ya kila mhimili, spindeli ilikuwa inafanya nini, pampu ya maji ya kupozea ilikuwa inawaka au imezimwa, mashine ilikuwa imefanya kazi kwa muda gani, na mashine gani nyingine jirani iliwashwa. Muulize kwa upole na umshukuru. Opereta anayeogopa kulaumiwa hataandika kitu, nawe utabaki gizani.

Matukio matano au sita yakishaandikwa, sura huanza kujitokeza. Yakitokea mhimili ukiwa sehemu ile ile, shuku waya unaopindwa. Yakitokea zana inapobadilishwa, shuku solenoidi (koili ya sumaku inayosukuma vali) au saketi yake. Spindeli inapoongeza au kupunguza kasi, tazama umeme unaoingia na kelele za umeme, yaani ishara chafu, za invata (kifaa kinachobadili kasi ya mota). Baada ya saa mbili za joto, fikiria feni, kapasita na viunganishi. Na kama hutokea hata mashine ikiwa imesimama bila kazi, pawa saplai na umeme wa jengo hupanda juu ya orodha.

Hatua ya 3: Tega mtego wa relei mbili

Tatizo likija mara moja kwa wiki huwezi kukaa na mita mkononi. Tega relei mbili (swichi zinazovutwa na koili) zinazojishikilia zenyewe, kila moja ikipewa umeme kupitia mguso wake na kuanzishwa kwa kitufe. Ya kwanza iwe ya AC, kwenye umeme unaoingia pawa saplai. Ya pili iwe ya volti 24 DC, kwenye umeme unaotoka. Zikilindwa na fyuzi ndogo na kutengwa kabisa na mzunguko wa usalama, hazidhuru kitu.

Baada ya tukio, fungua kabati utazame. Ya AC ikiwa imeanguka, umeme uliyumba kabla haujafika kwenye pawa saplai. Ya DC pekee ikiwa imeanguka, ni pawa saplai au mzigo wake. Zote zikiwa bado zimeshika, rudi kwenye kidhibiti chenyewe, kiunganishi chake, au kelele za umeme. Ila kuna kasoro moja ya kukumbuka: relei huachia volti zinaposhuka sana, si zinaposhuka kidogo. Mshuko wa kutoka 24 hadi 18 unaweza kuanzisha upya kidhibiti huku relei ikiendelea kushika. Ukiwa na mita inayonasa kilele cha chini kwa kasi, au osiloskopu (kifaa kinachochora volti zinavyobadilika), itumie. Mita ya kawaida yenye kurekodi kiwango cha chini huhitaji karibu sehemu ya kumi ya sekunde ili ione kitu, na mshuko mwingi hupita kabla ya hapo.

Hatua ya 4: Umeme unaoingia

Hapa usikae sana kama relei ya AC haikuanguka. Kama ilianguka, kaza kwanza skrubu za swichi kuu, za fyuzi na za transfoma ya udhibiti, umeme ukiwa umefungwa kwa kufuli. Waya uliolegea huacha alama ya joto: ganda limebadilika rangi au limekuwa gumu. Pima fezi tatu mashine ikiwa chini ya mzigo, siyo ikiwa imepumzika. Angalia pia transfoma ya udhibiti imefungwa kwenye ncha ya volti inayolingana na umeme wa jengo. Ikikosewa, pawa saplai huishi karibu na mpaka wake wa chini na mshuko mdogo tu unaitosha.

Pawa saplai nzuri hushikilia volti zake kwa takriban milisekunde 20 umeme ukikatika, yaani mzunguko mmoja wa umeme wa hezi 50. Kapasita zake zikizeeka, muda huo hupungua. Ndiyo maana mashine iliyovumilia kuwashwa kwa kompresa ya jirani kwa miaka kumi inaweza kuanza kujizima mwaka wa kumi na moja, ilhali kompresa ni ile ile.

Hatua ya 5: Volti 24, na kwa nini fyuzi haikukatika

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi zaidi, na hapa ndipo nimekuta majibu mengi.

Pima kwenye teminali za kidhibiti, siyo kwenye pawa saplai. Vidhibiti vingi vinataka volti kati ya 21.6 na 26.4, vingine vinakubali kati ya 20.4 na 28.8. Kitabu chako kitasema. Ukipata 24.1 kwenye pawa saplai na 22.3 kwenye kidhibiti, volti 1.8 zimepotea njiani. Kiungo kilicholegea chenye omu 0.3 kikipitisha ampea 5 hula volti 1.5, na kikitikiswa hula zaidi. Weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya pawa saplai na nyingine kwenye chanya ya kidhibiti, mashine ikifanya kazi: mita itakuonyesha moja kwa moja kinachopotea. Fanya hivyo hivyo upande wa hasi, kwa sababu waya wa sifuri husahaulika na ndio unaobeba mkondo wa kila kitu.

Kisha tazama mawimbi. Kwa osiloskopu iliyowekwa kwenye hali ya AC, pawa saplai yenye afya huonyesha mawimbi madogo, sehemu ya kumi au mbili za volti. Ukiona nusu volti na zaidi, na hasa mawimbi yakikua mzigo unapoongezeka, kapasita zimekauka. Kapasita zilizovimba vichwa zinaonekana kwa macho, lakini nyingi hufa bila kuvimba.

Sasa lile linalowachanganya mafundi wengi: "Kama kuna shoti, mbona fyuzi haikukatika?" Pawa saplai ya kisasa ya ampea 10 hujilinda. Ikidaiwa zaidi ya hapo kidogo, huporomosha volti zake ili isiungue. Breka ya aina C ya ampea 6 inahitaji mkondo wa mara 5 hadi 10 ya kiwango chake ili ikatike papo hapo, na kwa DC huhitaji zaidi. Maana yake ni ampea 30 hadi 60 na zaidi. Pawa saplai haiwezi kuzitoa. Hivyo waya wa sensa ukigusa chuma kwa milisekunde 50, volti za mashine nzima zinaanguka, kidhibiti kinawaka upya, waya unaachana na chuma, na breka zote ziko juu kama vile hapakutokea kitu.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote linatokana na hilo. Kipe kidhibiti peke yake umeme wake wenyewe: pawa saplai nyingine, au betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo, ambazo zikijaa na kutulia hutoa volti 25 na nusu hivi. Weka fyuzi karibu na betri, unganisha hasi yao na sifuri ya mashine, na usiguse mzunguko wa dharura. Solenoidi, breki, sensa na taa zibaki kwenye pawa saplai ya zamani. Kama kidhibiti kinaacha kujizima, na badala yake unaanza kuona alamu za sensa au za breki, bodi yako ni nzima na mhalifu yuko kwenye mzigo. Umeokoa bei ya bodi kwa betri mbili.

Hatua ya 6: Nyaya zinazotembea

Nilishawahi kuitwa kwenye mashine ya kusaga ya wima iliyokuwa imebadilishiwa bodi kuu mara mbili. Daftari, ambalo tulilianzisha siku hiyo, lilionyesha jambo moja tu baada ya siku nne: kila mara meza ilikuwa mbali upande wa kushoto. Tulifungua mnyororo wa kebo na kukuta waya wa swichi ya ukomo umesuguliwa na ukingo wa kitenganishi hadi shaba ikaonekana. Maji ya kupozea yalikuwa yamelowesha mahali hapo. Waya wa volti 24 uligusa chuma pale tu mnyororo ulipojikunja kwa namna moja. Nilisikitika kuona bodi mbili nzima zimewekwa rafuni zikiitwa mbovu.

Kwa hiyo fungua mnyororo. Usiridhike na kutazama kutoka nje. Sogeza mhimili polepole kwa gurudumu la mkono huku mtu wa pili akitazama volti 24, na hakuna mkono wowote karibu na sehemu zinazotembea. Kisha zima, ukate umeme, utikise kila kebo kwa mkono kwenye maingilio yake. Chunguza soketi zilizo chini ya meza. Zifungue uone kama zina maji. Waya uliokatika ndani ya ganda zima huhisiwa kwa vidole: mahali hapo kebo hupinda kirahisi kuliko kwingine.

Ili kupata tawi lenye kosa bila kufungua kila kitu, ondoa fyuzi za matawi moja moja pale mashine inapoweza kuvumilia, au weka fyuzi za kielektroniki kwa kila tawi. Hizo hukata tawi lenye shoti kabla halijaangusha mengine, na taa yake hukuonyesha ni lipi.

Hatua ya 7: Koili na kelele

Koili ya kontakta (relei kubwa ya kuwashia mota) au ya solenoidi ikizimwa, hurudisha mkuki wa volti unaoweza kufika mamia. Koili ya DC inahitaji diodi, inayopitisha umeme upande mmoja tu, iliyofungwa kinyume. Ya AC inahitaji kapasita na rezista kwa pamoja, mara nyingi mikrofaradi 0.1 na omu 100. Vifaa hivi hufa kimya kimya, na fundi aliyebadilisha kontakta mwaka jana anaweza kuwa amesahau kuvihamisha. Kagua kila koili, ukianza na ile ya kifaa kinachotajwa sana daftarini. Diodi ipime kwa mita ikiwa imetolewa upande mmoja. Na uangalie isifungwe kichwa chini, maana itakuwa shoti.

Kwa invata ya spindeli, wavu wa ngao wa kebo ya mota ubanwe kwa klempu inayouzunguka wote, pande zote mbili. Kuusokota kuwa mkia mwembamba na kuufunga chini ya skrubu huua sehemu kubwa ya kazi yake. Tenga kebo za mota na zile za ishara kwa sentimita 20 hivi, na zinapolazimika kukutana, zipishane kwa pembe mraba. Sifuri ya volti 24 iunganishwe na ethi (waya wa ardhi) mahali pamoja tu. Kwenye mashine ndogo za USB, kebo fupi yenye ngao na kitenganishi cha USB hutatua mengi, na kwenye Grbl pini ya riseti iliyoachwa ikielea ni mlango wazi wa kelele.

Hatua ya 8: Joto

Weka kipimajoto ndani ya kabati, karibu na kidhibiti, kwa siku nzima. Vidhibiti vingi havitakiwi kupita nyuzi 55 za Selsiasi. Safisha machujio, angalia kila feni inazunguka kweli na kwa upande sahihi, na utazame mapezi ya draivu kama yameziba mafuta na vumbi. Kanuni inayotumiwa na mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hukata nusu ya umri wa kapasita.

Tafadhali usifungue mlango wa kabati na kuelekeza feni ya mezani ndani. Joto litashuka, lakini ukungu wa mafuta na chembe za chuma vitaingia, na utakuwa umejitengenezea shoti za mwaka ujao.

Hatua ya 9: Sasa ndipo bodi

Ukifika hapa, umeme ni safi na tatizo bado lipo. Zima, subiri, toa na urudishe viunganishi na kadi za kumbukumbu ukiwa umevaa kamba ya mkononi ya ethi. Gonga bodi kwa upole kwa mpini wa plastiki wa bisibisi huku ikifanya kazi. Ikijizima kwa mguso, kuna solda iliyopasuka au pini iliyolegea. Kwa kompyuta za kawaida, pima kumbukumbu kwa programu ya majaribio usiku kucha na ukague afya ya diski. Hapo ukiamua kubadilisha bodi, utakuwa unabadilisha kwa ushahidi.

Hatua ya 10: Kuthibitisha

Siku moja bila tukio haithibitishi chochote kama tatizo lilikuwa likija kila baada ya siku mbili. Chukua wastani wa muda kati ya matukio, uzidishe kwa tatu. Kama matukio yalikuja ovyo kwa wastani huo, uwezekano wa mashine mbovu kukaa kimya kwa muda wote huo kwa bahati tu ni asilimia 5 hivi. Kwa wastani wa siku mbili, basi, subiri siku sita za kazi ya kawaida, zenye mwendo na mzigo ule ule uliokuwa ukileta tatizo. Usibadilishe vitu vitatu kwa siku moja, la sivyo hutajua kipi kilitibu.

Muda huo ukipita salama, ondoa relei za mtego, rudisha mashine kwenye nukta za mwanzo na ukague vipimo vya zana kabla ya kuchonga kipande cha kazi. Ndani ya mlango wa kabati bandika vipimo vya siku hiyo: volti kwenye teminali za kidhibiti mashine ikiwa chini ya mzigo, ukubwa wa mawimbi, joto la kabati, na tarehe. Fundi atakayefungua mlango huo baada ya miaka miwili atakuwa na cha kulinganisha.